Nati Iliyofungwa Kinyume

Mara ya kwanza aliposema, aliambiwa alete chai. Mara ya pili wakamcheka. Mara ya tatu hakusema kitu, na ni hiyo mara ya tatu iliyokuwa ikimchoma roho kuliko zile mbili.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mashine, akimtazama shemeji yake anavyoning'inia kwenye spana kama mtu anayeng'oa kisiki. Huyo shemeji alikuwa seremala, mdogo wa marehemu mumewe wa kufuatana, mwenye mikono minene na mdomo usiojua kupumzika. Alikuja na rafiki zake wawili, na ile spana ya kutanuka na kubana, ambayo mafundi wameipa jina lisilotamkika mbele ya mama mtu kwa kuwa inaingia kila nati na haitulii na hata moja.

"Kulia kaza, kushoto legeza!" aliimba seremala. "Marehemu mwenyewe alinifundisha bado sijaota ndevu. Haya, vuta!"

Wakavuta kushoto. Spana ikateleza, ikala pembe moja ya nati.

"Shemeji," alisema yule mama, "hiyo nati haifunguliwi…"

"Shemeji, chai," alijibu seremala bila kugeuka. "Sukari usiionee huruma."

Akaenda kuleta chai. Aliporudi na sinia la vikombe vinne walikuwa wamechomeka bomba refu kwenye mkono wa spana ili nguvu iongezeke, wanaume watatu wamejipanga nyuma yake kama wanavuta kamba. Pembe ya pili ikaenda, na unga wa chuma ukadondoka sakafuni, unang'aa.

"Inafunguliwa upande wa pili," alisema, na safari hii alipaza sauti. "Vuteni kulia."

Ndipo walipocheka. Mmoja alilazimika kushika ukuta.

"Dunia nzima nati inafunguliwa kushoto," alisema seremala huku akijifuta machozi ya kicheko. "Hii ya kwako, shemeji, ilishushwa kutoka mbinguni?"

Basi akanyamaza. Alisimama pale na sinia lake, chai inapoa, akaziangalia pembe nne zilizobaki zikiliwa moja baada ya moja, mpaka nati ikawa mviringo kama kifungo cha koti. Alijua kila walipovuta walikuwa wanaikaza. Alijua, na hakupiga kelele.

Seremala alitupa spana chini, akapangusa mikono. "Imekufa," alisema. "Mashine imekufa kama mwenyewe."

Halafu akachukua kikombe chake, akanywa chai yote, akasema ina sukari kidogo.

Wateja walimwita yule mama Mama Laini, kwa sababu kila aliyetua ndoo yake mlangoni aliulizwa swali lile lile: "Laini au ya kati?" Miaka kumi na tisa yeye na mumewe walisagia mtaa mzima nafaka ndani ya chumba hicho kimoja, mume upande wa mashine, mke upande wa mizani. Mume alipofariki, Mama Laini alihamia upande wa mashine. Watu walidhani hataweza. Mwezi wa kwanza walimjia kwa huruma, mwezi wa pili kwa mazoea, na kufikia wa tatu walikuwa wanamgombeza kwa foleni kama walivyomgombeza marehemu. Akajua amekubalika. Asubuhi anasali, anafagia, anawasha. Jioni anazima, anafagia, anasali. Binti yake wa mwisho alikuwa bado shuleni, na hapo ndipo daftari, sare na chakula chake vilipotoka.

Kisha mashine ikaanza kulia. Kwa mtu mwingine ni kelele tu, ila yeye alikuwa anasikiliza mashine hiyo miaka yote. Akajua ni beringi iliyo nyuma ya puli, lile gurudumu linalovutwa na mkanda, imekwisha. Beringi mpya ilikuwepo kabatini, imefungwa karatasi ya mafuta, mumewe alikwisha kuiweka tayari. Kuifikia lazima puli itoke, na puli imezuiwa na nati moja kubwa kwenye ncha ya shafti, ule mhimili unaozunguka nayo.

Nati hiyo ilikuwa na historia yake. Zamani ilikuwa nati ya kawaida, lakini mashine ilivyokuwa inazunguka ilikuwa inailegeza yenyewe. Kila wiki inakazwa, kila wiki inalegea. Siku moja puli ikachomoka ikiwa mbioni, ikaruka ikapiga ukuta, na kovu lake lipo mpaka leo, upana wa sahani, pale juu ya mizani. Mama Laini alikuwa ameinama kuokota kijiko. Kama asingeinama, ingempiga kichwani.

Mumewe hakula siku ile. Kesho yake aliibeba shafti begani akaenda kwa mchonga vyuma, akachongewa meno mapya, shafti na nati, kinyume na nati zote za duniani. Siku ya kuifunga, Mama Laini ndiye aliyeshika spana.

"Hii inafungwa kwa kushoto, inafunguliwa kwa kulia," mumewe alimwambia. "Mashine ikizunguka inazidi kuibana. Umeona?"

"Nimeona."

"Basi tuko wawili tunaojua."

Sasa alikuwa amebaki mmoja. Na ndiye yeye mwenyewe aliyemwita seremala! Hilo hakujisamehe. Alijaribu nati kwa mikono yake, kulia, kama inavyotakiwa, ikagoma kwa kutu. Akasema, ah, shemeji ana nguvu, aje anisaidie kuvuta mara moja tu. Akamwita mwenye nguvu.

Kesho yake, Alhamisi, ukoo ulikaa sebuleni kwa Baba Mkubwa. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, na wote walimwita hivyo, watoto na wake za wadogo zake pia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyependa kelele, na kwa kuogopa kelele alikuwa mwepesi wa kukubaliana na aliyepiga nyingi.

Seremala ndiye aliyezipiga. Alieleza jinsi alivyohangaika na ile nati, jasho lilivyomtoka, pembe zilivyoisha. Mashine haifunguki tena, alisema. Lakini mota yake nzima. Naye ana msumeno wa kupasulia mbao unaongoja mota. Kwa nini chuma cha kaka yake kilale bure kiote kutu, ukoo ukitazama?

"Shemeji atakula wapi?" aliuliza Baba Mkubwa.

"Si tupo?" alisema seremala, akajipiga kifua. "Mimi nipo. Atakuja kwangu, atamsaidia mke wangu pale nyumbani."

Mama Laini alikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono mapajani. Damu ilimpanda mpaka masikio yakawa yanavuma. Kumsaidia mke wake! Mwanamke mwenye mashine yake akaoshe masufuria ya mtu aliyeiharibu hiyo mashine, na aseme ahsante. Alifungua mdomo ili aseme tena habari ya kulia na kushoto. Akawatazama usoni, mmoja mmoja, akaona kicheko kile kile kimekaa tayari nyuma ya midomo yao. Akaufunga.

Ila kimya cha safari hii hakikuwa kile cha jana. Hiki kilikuwa na kazi ya kufanya.

"Nipeni siku," alisema.

"Ngapi, mama?" aliuliza Baba Mkubwa.

"Jumamosi."

Seremala akaguna. Baba Mkubwa akatazama saa yake kana kwamba Jumamosi ingeonekana humo. "Jumamosi saa sita mchana," alisema. "Mashine ikizunguka, ni yako, na sitaki kusikia neno la mtu tena. Isipozunguka, mota itatolewa. Tumesikizana?"

Walisikizana.

Alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa jirani yake, fundi wa kuchomelea, mtu mwembamba aliyeitwa Cheche. Cheche alimsikiliza mpaka mwisho, miwani yake myeusi paji la usoni, kisha akaanza kutazama huku na huku.

"Mama, hiyo ningekuchomelea nati nyingine juu yake, dakika tano imetoka. Lakini seremala alipita hapa asubuhi. Kaniambia nisiguse mali ya ukoo."

"Nawe ukaitikia."

"Mama, ugomvi wa ukoo una nyundo nyingi kuliko karakana yangu."

"Mwanaume mzima, unacheza na moto kutwa, unaogopa mtu wa mbao."

Cheche akainamisha kichwa. Alikuwa anaona haya kweli. Akaingia ndani, akarudi na kitu kirefu kimeviringishwa kwenye gazeti, akakipitisha juu ya ukuta mfupi uliotenganisha viwanja vyao, huku akitazama upande mwingine kama mtu anayetupa taka.

"Hiyo tupa ya kukwangulia chuma imenidondoka," alisema. "Sijui imeangukia kwa nani. Na nati isiyo na pembe, anayejua huichonga mbavu ziwe bapa. Mbili zinatosha, zikitazamana. Halafu joto. Usiipige nguvu, mama. Nguvu imekwisha kupigwa."

Ijumaa alfajiri alisali, akakaa kidogo juu ya mkeka. Alitaka kumwomba Mungu amwondolee hasira, ndiyo sala aliyoizoea. Akaona leo ataihitaji. Akaomba nati tu.

Alianza kwa brashi ya waya, akaisugua nati na ncha ya shafti mpaka kutu ikatoka na chuma kikaonekana rangi yake. Akachanganya mafuta ya taa na oili nyepesi kwenye kikopo, akadondoshea pale meno yanapokutana, tone kwa tone. Akachukua nyundo ndogo ya mumewe akaigonga nati ubavuni, polepole, kuizunguka yote, ko, ko, ko, ili mafuta yapate njia. Akadondoshea tena. Akagonga tena. Kisha akachukua tupa.

Nati ile ilikuwa ngumu. Mara za kwanza tupa iliteleza tu, ikilia kwa sauti iliyouma meno. Akabadili mkao, akapiga goti moja, akaegemeza kiwiko ubavuni, akasukuma kwa mwili wote. Kwenda, inakata. Kurudi, anainyanyua. Kwenda. Kurudi.

"Sukari usiionee huruma," alisema, akasukuma.

"Ilishushwa kutoka mbinguni." Akasukuma.

"Atamsaidia mke wangu." Hapo alisukuma mara nyingi.

Hakujua kama alikuwa anasema kwa sauti mpaka alipomwona mteja mmoja kasimama mlangoni na ndoo, macho yamemtoka.

"Mama Laini, unagombana na nani?"

"Jumamosi mchana," alimjibu. "Njoo Jumamosi mchana."

Yule akaondoka upesi bila kuuliza laini wala ya kati.

Ilipofika mchana upande mmoja ulikuwa bapa kama ukucha. Mikono ilikuwa imetoka malengelenge, mawili yamepasuka. Akafunga kitambaa, akageukia upande wa pili, na hapo hasira ikapata njia ambayo hakuitegemea. Ikamgeukia marehemu.

"Tuko wawili tunaojua," alimwambia, akitazama kovu la ukutani. "Kwa nini wawili? Kwa nini hukumwambia mdogo wako? Miaka kumi anaingia humu anakula, anacheka, anaimba kulia kaza kushoto legeza, nawe unatabasamu tu. Ulijua hajui! Ukaona ni mzaha mzuri. Haya, njoo uone mzaha wako."

Akalia kidogo, huku anasukuma. Machozi na unga wa chuma haviendi pamoja, ikabidi aoshe uso. Kisha akajiambia ukweli uliobaki. Mumewe hakusema, sawa. Lakini hata yeye siku ile alisimama pale na sinia la chai. Alikuwa na sauti. Angeweza kulibwaga lile sinia sakafuni, vikombe vyote vinne, wangegeuka. Aliogopa nini? Aliogopa kuonekana hana adabu. Nati ikaliwa pembe sita, na adabu yake ikabaki salama.

Jioni ilipoingia, spana namba ishirini na mbili iliingia kwenye zile bapa mbili, ikakaa imara, haichezi. Alidondoshea mafuta ya mwisho, akafunga mlango.

Jumamosi saa moja asubuhi aliwasha jiko la mkaa nje ya mlango. Alilaza ndani yake kipande cha nondo, akaupepea mkaa mpaka ncha ya nondo ikawa nyekundu. Akakishika kwa koleo, akaigandamiza nati kwa ncha hiyo. Mafuta yakatoa moshi. Akarudisha nondo motoni, akarudia, mara nne, mara tano, mpaka tone la maji likidondoka juu ya nati linaruka. Hapo akachukua mshumaa, ule wa usiku umeme ukikatika, akaugusisha pale meno yanapokutana. Nta ikayeyuka, ikavutwa ndani, ikapotea. Mumewe ndiye aliyemwonyesha hilo. Hilo alimshukuru.

Akatia gogo kama kabari kati ya mikono ya puli ili shafti isizunguke. Akavaa spana. Akachomeka bomba lile lile walilotumia wanaume watatu.

"Bismillahi," alisema, akavuta kulia.

Kimya.

Akavuta tena. Malengelenge yaliyobaki yakapasuka. Akahisi kiuno kinalia. Haikusogea hata unywele.

Akaiachia, akashusha pumzi. Nguvu imekwisha kupigwa, Cheche alisema. Akaishika nyundo ndogo, akaigonga nati usoni mara kumi, wala si kwa kishindo. Akashika bomba tena. Safari hii hakuvuta kwa mikono. Aliliegemea, uzito wake wote, kama anavyoegemea mlango unaposukumwa na upepo, akakaa hivyo, haendi, harudi, anamfikiria mtu anayesema chai ina sukari kidogo.

Nati ikapiga kelele. Mlio mmoja mkali kama mbwa aliyekanyagwa, na bomba likashuka kiasi cha shibiri moja. Mama Laini nusura aanguke kifudifudi.

"Toka," aliiambia nati, anahema. "Toka, mshenzi we. Mungu nisamehe. Toka."

Ikatoka. Robo kwa robo, kisha kwa vidole vilivyofungwa kitambaa, ingali ya moto. Kwa chuma cha mumewe cha miguu mitatu, cha kung'olea puli, akavuta puli, akavuta beringi kuukuu, gololi zake zikamwagika kama punje. Beringi mpya akaigonga kwa kipande cha bomba mpaka ikakaa. Akarudisha puli. Ilikuwa imebaki nati peke yake, na mkanda, aliposikia sauti nje.

"Lete mtarimbo! Na hizo spana zote!"

Ilikuwa saa tano na nusu. Seremala aliingia na rafiki zake wale wale, Baba Mkubwa nyuma yao, ameshika saa yake ya mfukoni. Nyuma ya Baba Mkubwa walikuwa wateja na ndoo zao, kumi au zaidi, maana habari ya mama anayegombana na chuma ilikuwa imezunguka mtaa. Hata Cheche alikuwepo, mbali kidogo.

Seremala alitazama shafti. Akatazama sakafuni, beringi mbovu. Akamtazama shemeji yake, mikono imefungwa vitambaa, uso mweusi wa oili.

"Nani amekufungulia?"

Mama Laini alimwekea nati kiganjani.

"Imebaki hiyo tu," alisema. "Una nguvu kuliko mimi. Nifungie, mbele ya Baba Mkubwa."

Seremala akacheka kidogo, akapiga hatua mpaka kwenye shafti. Akaweka nati, akaizungusha kulia. Haikushika. Akaitoa, akaipuliza, akaiweka tena. Kulia. Ikazunguka tu pale kwenye ncha. Akaigandamiza kwa kiganja. Kulia, kulia, kulia. Jasho likaanza kumtoka kichwani. Mtu mmoja kwenye foleni akakohoa.

"Ameua meno!" alisema seremala, akageuka. "Baba Mkubwa, umeona? Kafungua kwa fujo, kaua meno yote. Nilisema mimi! Hii haifungiki tena, hata aje nani."

"Umemaliza?" aliuliza Mama Laini.

"Nimemaliza. Imekufa."

Aliichukua nati mkononi mwake. Akaiweka kwenye ncha ya shafti kwa vidole viwili, akaizungusha kushoto. Ikashika pale pale. Ikaingia, mzunguko kwa mzunguko, laini kama kifuniko cha chupa, mpaka ikagusa puli. Akavaa spana, akavuta kushoto, akakaza.

Baba Mkubwa alisogea mpaka pua yake ikakaribia shafti. "Kumbe," alisema. Akamgeukia seremala. "Sasa siku ile ninyi watatu mlikuwa mnafanya nini?"

"Walikuwa wanaikaza," alisema Mama Laini.

Kicheko kilianzia kwenye foleni. Mwanamke mmoja alitua ndoo chini ili acheke vizuri. Rafiki mmoja wa seremala naye akacheka, akakumbuka, akanyamaza. Seremala alisimama katikati, shingo imemvimba, anatafuta pa kuweka mikono yake minene.

"Sasa shemeji," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "si ungesema tu?"

Hapo kidogo ampige kwa spana. Aliishika hata vidole vikauma chini ya vitambaa.

"Nilisema," alijibu. "Ukataka chai. Nikasema tena, ukacheka. Baba Mkubwa, hawa wawili walikuwepo, waulize. Nilisema mara mbili, na ya tatu nikanyamaza kwa adabu. Sasa nawaambieni wote, hiyo ya tatu hamtaiona tena."

Akavisha mkanda, akaenda ukutani, akawasha. Mota ikaguna, mkanda ukashika, puli ikazunguka na ile nati yake ya bapa mbili ikageuka duara la mwanga. Mashine haikulia. Ilivuma tu, sauti yake ya zamani. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

Baba Mkubwa alitazama saa, akairudisha mfukoni, akakaa juu ya gunia kwa kuchoka kana kwamba yeye ndiye aliyepiga tupa.

"Basi mama," alipaza sauti juu ya mvumo, "yameisha. Ni yako. Tupatie basi walau chai, tunywe tusameheane."

"Leo hakuna chai, Baba Mkubwa," alisema Mama Laini. "Na hilo gunia ni la mteja, tafadhali uinuke."

Akamgeukia wa kwanza kwenye foleni, akapokea ndoo yake.

"Laini au ya kati?"